Waacheni Wacheze Kabla ya Mtihani

Kila muhula wa tatu unapofika, shule zetu za sekondari nchini Kenya huingia katika kimya kizito. Vyama vya wanafunzi husimamishwa, uwanja huachiwa vidato vya chini, na watahiniwa wa kidato cha nne huketi darasani tangu prepu ya alfajiri hadi ya usiku wakiwa wameinamia karatasi. Katika majuma hayo, mwalimu wa Fasihi akiwagawa wanafunzi wake makundi na kuwashindanisha juu ya tamthilia teule, hachelewi kubishiwa hodi. Atakuwa ni mwalimu wa zamu au naibu wa mwalimu mkuu, na swali lake ni lile lile kila mwaka: huu ni wakati wa michezo?

Ndiyo, huu ndio wakati wake hasa. Mchezo uliopangwa vizuri ndiyo njia ngumu kuliko zote ya kudurusu tamthilia kabla ya mtihani, tena ndiyo yenye haki kuliko zote kwa mwanafunzi dhaifu. Kile tunachokiita bidii katika majuma ya mwisho, yaani kuusoma mwongozo na kuurudia kimyakimya, mara nyingi ni uvivu ambao tumeupa heshima usiyostahili.

Wanaonipinga ni walimu wenzangu, wengi wao hodari, na nitazitaja hoja zao jinsi wenyewe wanavyozisema katika chumba cha walimu. Wanasema muda hautoshi. Wanasema darasa lina wanafunzi 60, na ukiwafungulia mdomo hutawafunga tena. Wanasema mtihani hufanywa kwa kalamu na kwa kimya, kwa hiyo maandalizi nayo yawe ya kalamu na kimya. Wanasema mzazi hakulipa karo mtoto akacheze. Na wale wanaoipenda fasihi kwa dhati huongeza hoja ya tano, ambayo ndiyo inayonigusa zaidi: kwamba tamthilia kubwa ni kazi ya heshima, na kuigeuza mashindano ya kupigiana makofi ni kuishusha hadhi.

Nianze na kimya chenyewe. Ingia darasa la kidato cha nne mwezi wa Septemba, utazame kinachosomwa. Ni nadra kuikuta tamthilia. Utaukuta mwongozo: kijitabu chenye muhtasari wa kila onyesho, maudhui yaliyoorodheshwa, sifa za wahusika zilizotiwa nambari, na tamathali za usemi zilizochambuliwa tayari. Mwanafunzi anausoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila anaporudia anazidi kuyazoea maneno, na mazoea hayo humdanganya kwamba ameyajua. Jicho likikutana na kauli kwamba Majoka, mtawala katika tamthilia ya Kigogo, ni katili, moyo unaitikia: hili nalijua. Siku ya mtihani hakuna ukurasa wa kuitikia. Kuna swali, kuna karatasi tupu, na kuna kumbukumbu ambayo haijawahi kutumwa kwenda kuchota chochote peke yake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006, watafiti wawili wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwapa wanafunzi vifungu vya nathari wavisome. Katika hali moja wanafunzi walivisoma tena. Katika hali nyingine, badala ya kusoma mara ya pili, walitakiwa kuandika walichokikumbuka bila kutazama. Walipoulizwa baada ya dakika 5, usomaji wa marudio ndio uliowapa kumbukumbu kubwa zaidi. Walipoulizwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliosoma tena walikumbuka takribani asilimia 42 ya kifungu, na waliojikumbusha bila kitabu walikumbuka asilimia 56. Mwalimu anayepita kati ya madawati na kuridhika na utulivu anaziona zile dakika 5. Mtihani uko upande wa lile juma.

Sasa ondoa shangwe zote katika mchezo wa darasani, uone kinachobaki. Mwanafunzi anaulizwa ghafla, kitabu kimefungwa, wenzake wanamsikiliza, naye hana budi kulitoa jibu kichwani mwake. Akikosea, anasahihishwa papo hapo kabla kosa halijaota mizizi, na waliomsikiliza wote wanasahihishika pamoja naye. Jaribio la karatasi lingemrudia baada ya siku nne, likiwa na mkwaju mwekundu na alama ambayo hataki kuitazama. Ni kipi kati ya hivi viwili ambacho ni mzaha?

Tazama pia mtihani wenyewe unadai nini. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE ni ya Fasihi: alama 80, saa mbili na nusu, maswali manne. Tamthilia huulizwa kwa njia mbili, ama kwa insha ya alama 20, ama kwa dondoo. Dondoo ni maneno ya mhusika yaliyonyofolewa kitabuni, na jambo la kwanza analotakiwa mtahiniwa ni kuyaeleza muktadha wake kwa alama 4: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa sababu gani. Kwa aliyeisoma tamthilia hizo ndizo alama rahisi kuliko zote. Kwa aliyesoma mwongozo peke yake ni bahati nasibu, kwa kuwa hakuna mwongozo uwezao kubeba kila kauli ya kila mhusika. Mtahini anaweza kunyofoa popote.

Kwa kazi hiyo kuna mchezo usiogharimu hata shilingi. Mwalimu ananakili kauli 30 kutoka katika tamthilia kwenye vipande vya karatasi, anavikunja na kuvitia katika ndoo. Kundi la kwanza linachomoa kimoja na kulisomea kundi la pili. Kundi la pili lina nusu dakika ya kutaja mambo yote manne ya muktadha. Likikosea hata moja, kundi la tatu lina haki ya kulidaka swali, ila kwa sharti moja: lifungue tamthilia na kuuonyesha ukurasa. Sharti hilo ndilo moyo wa mchezo. Wanafunzi waliokuwa wakiiogopa tamthilia kwa unene wake huanza kuipekua kwa haraka na kwa shauku, wakitafuta kauli moja na njiani wakikutana na nyingine kumi. Mwisho wa kipindi watakuwa wamepita kurasa nyingi kuliko wangepita kwa amri yoyote ya mwalimu. Na kila mmoja atakuwa amejizoeza hasa kile atakachofanya mbele ya mtahini.

Hadi hapo nimejibu hoja ya mtihani; ya muda nitairudia. Hoja ya heshima ya fasihi inahitaji mfano mpana zaidi, nami nitautoa katika tamthilia ambayo walimu wengi wa Fasihi Afrika Mashariki wameisoma, hata kama haimo katika orodha ya mwaka huu: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969.

Tamthilia hii ina mtego wake. Inahusu Vita vya Maji Maji, na vita hivyo mwanafunzi amekwisha kuvisoma katika somo la Historia. Anajua vilipiganwa kusini mwa Tanganyika kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, anajua wakulima walivyolazimishwa kulima pamba, anajua kuhusu Ngarambe na dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi. Akipewa insha ya Fasihi, anaimwaga Historia yote, na mwalimu anasahihisha ukurasa baada ya ukurasa bila kuona tamthilia. Hussein mwenyewe alilionya hilo katika dibaji: Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa kihistoria. Mtu wa kihistoria, Kinjikitile Ngwale, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wakati vita vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza. Hakuyaona maangamizi ya Mahenge mwishoni mwa mwezi huo. Kinjeketile wa Hussein anaishi hadi kushindwa, anatiwa gerezani, na onyesho la mwisho linamkuta akisihiwa na Kitunda, mkuu wake wa mafunzo ya vita, akiri kwamba maji yalikuwa uongo.

Unaweza kuyaeleza hayo kwa mhadhara, na wanafunzi wataitikia kwa vichwa. Au unaweza kuuita ukuta mmoja wa darasa Historia na wa pili Tamthilia, ukasoma tamko moja moja, na kila mwanafunzi akaenda kusimama upande anaouamini. Kinjeketile alikufa kabla ya vita kupamba moto: darasa linagawanyika, wengine wanasita katikati, mmoja anamvuta rafiki yake upande usio wake. Kisha kila upande unatetea msimamo wake kwa kitabu. Aliyesimama ukuta usio wake, akashuhudia wenzake wakimwonyesha onyesho la mwisho la gerezani, hatawachanganya tena Kinjikitile wa Mohoro na Kinjeketile wa Hussein. Mwili wake umeshiriki katika kosa na katika masahihisho yake.

Lakini mchezo mkubwa kwa tamthilia hii ni mahakama. Mpandisheni Kinjeketile kizimbani. Shtaka: kwamba aliwapa watu maji ambayo yeye mwenyewe hakuwa na hakika nayo, wakaenda kuikabili bunduki. Teua waendesha mashtaka, mawakili wa utetezi, mashahidi na jopo la kuamua. Weka kanuni moja tu, kwamba hakuna atakayesema neno lisilo na msingi katika tamthilia. Kisha kaa pembeni usikilize.

Bibi Kitunda anaitwa kueleza njaa iliyokuwa nyumbani wakati wanaume wakilazimishwa kulima shamba la Mjerumani. Kitunda anaapishwa, naye anaulizwa: ulikuwa mkuu wa mafunzo ya vita, je, Kinjeketile alikuambia nini kuhusu shaka yake? Hapo wanafunzi wanalazimika kuirudia ile sehemu ambayo wengi huipita bila kuiona: Kinjeketile anapogundua kwamba katika maneno yaliyomtoka alipopandwa na pepo Hongo, watu waliahidiwa kuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anatambua kwamba ukombozi huo ungewatoa mikononi mwa mtawala mmoja na kuwatia mikononi mwa mwingine. Anaanza kuyashuku maji. Upande wa mashtaka unaishika shaka hiyo kwa mikono miwili: alijua, mbona hakusema? Utetezi unajibu kwamba aliwataka watu wangoje, kwamba watu wenyewe ndio walioshindwa kungoja, na kwamba makabila yaliyokuwa yakidharauliana yaliungana kwa sababu ya maji hayo na hayangeungana bila hayo. Mwendesha mashtaka anauliza kama umoja uliojengwa juu ya jambo lisilo kweli unastahili roho za watu. Ndipo gereza linapoletwa mbele ya mahakama: kwa nini, akiwa hana tena cha kupoteza, anakataa kuyakana? Kwa sababu akiyakana, adui atawaambia watoto kwamba babu zao walikosea kupigana. Neno alilolizaa limekuwa kubwa kuliko yeye, na sasa haliwezi kurudishwa.

Nawauliza wanaosema michezo hushusha hadhi ya tamthilia: ni mwongozo gani umewahi kumfikisha mtoto wa miaka 17 mahali hapo? Lile swali la insha ambalo watahini hawachoki kulizungusha, kama Kinjeketile ni shujaa au ni mhanga wa neno lake mwenyewe, darasa hili limekwisha kulijibu kutoka pande zote mbili, kwa ushahidi, tena kwa sauti yake. Akiketi kuandika, mwanafunzi hana haja ya kukumbuka hoja za mtu mwingine. Ana zake, na amewahi kuzitetea mbele ya mtu aliyekuwa na hamu ya kuzibomoa. Hussein aliandika tamthilia yenye mgongano usiosuluhishika kirahisi, na heshima kubwa tunayoweza kumpa ni kuwaacha vijana wagongane ndani yake.

Wapo wanaosema haya yote ni mtindo wa kigeni ulioletwa na warsha za walimu. Sijui tumesahau vipi haraka hivyo. Jamii zetu zilikuwa na mashindano ya kumbukumbu kabla ya shule za leo kujengwa. Mtoto aliketi jioni na bibi yake, akaambiwa kitendawili, akajibu tega, na aliposhindwa alitoa mji ndipo akateguliwa. Mchezo huo una kila kitu ambacho wataalamu wa elimu wanatuhubiria: swali lisilotazamiwa, jibu la kutoka kichwani, gharama ya kushindwa isiyomuumiza mtu, na sahihisho la papo hapo. Washairi wa Pwani walijibizana kwa tungo, Muyaka bin Haji wa Mombasa akiwajibu wa Lamu, na hadhira ikapima nani kamshinda mwenzake kwa hoja na kwa lugha. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala na wenzake wa chama cha ushairi cha UKUTA walizieneza ngonjera Tanzania, na wanafunzi wakasimama mbele za watu, huyu akiuliza na yule akijibu, wakibishana kwa mizani na vina juu ya siasa ya nchi. Hakuna aliyesema ngonjera zinawapotezea watoto muda. Kitendawili cha mhusika, ambapo mwanafunzi anajieleza kwa dalili tatu bila kujitaja na darasa linamtegua, ni mali yetu kwa asili na kwa desturi.

Na shule zetu zenyewe hazina msimamo mmoja. Wakuu wa shule huzisafirisha timu za maigizo kaunti hadi kaunti, na vikombe vya tamasha la maigizo hupangwa ofisini pale ambapo kila mgeni atavitazama. Makundi ya waigizaji huzunguka nchini wakiigiza vitabu teule, na wanafunzi hulipishwa kiingilio ili wapelekwe kuwatazama. Nayaunga mkono maonyesho hayo. Mtoto ambaye hajawahi kuona tamthilia ikitembea jukwaani ameibiwa haki yake. Lakini tazama tunachokikubali na tunachokikataa. Tunakubali kulipa ili mwanafunzi aketi atazame watu wazima wakiishi ndani ya kitabu chake, na tunakataa aishi yeye ndani ya kitabu hicho kwa dakika 40 bila malipo. Aliyetazama huenda akakumbuka nani alikuwa mcheshi. Aliyesimama mwenyewe kuwa Sudi wa Kigogo, akashawishiwa na wenzake achonge kile asichotaka kuchonga, atakumbuka kwa nini alikataa.

Lazima pia niwape wapinzani haki yao, kwa sababu sehemu kubwa ya michezo inayochezwa madarasani haina maana, na mimi ningeifuta kabla yao. Upo ule wa kuuliza jina la mke wa Majoka na kumpa peremende aliyewahi kupaza sauti. Huo unapima kasi ya mdomo. Kundi moja lenye wanafunzi wawili wepesi hujibu kila swali, na 50 waliobaki hushangilia au husinzia. Upo ule wa programu za simu na kompyuta, kama Kahoot iliyotoka Norway, ambapo swali huja na majibu manne na alama huongezeka kwa kadiri unavyobofya upesi. Katika shule nyingi za bweni hapa kwetu simu haziruhusiwi, kwa hiyo hatuna cha kuhofia wala cha kutamani huko. Lakini hata pale ambapo vifaa vipo, kwa tamthilia chombo hicho kina kasoro ya msingi: kinamwonyesha mwanafunzi jibu sahihi likiwa kati ya manne na kumtaka alitambue. Kutambua ndiko kule kuitikia kwa mwongozo. Mtihani wa Fasihi hauna majibu manne ya kuchagua.

Tofauti kati ya mchezo unaofaa na usiofaa iko katika swali. Ukiuliza Sudi ni fundi wa nini katika Kigogo, umeuliza jambo ambalo asiyekisoma kitabu anaweza kulinong'onezwa. Ukiuliza kwa nini Sudi anakataa kazi ambayo Boza, aliye naye katika karakana ile ile, anaikubali, na ukataka kila kundi litoe ushahidi ambao kundi lililotangulia halikuutoa, hakuna wa kunong'ona. Kundi la nne litakuwa linapekua kitabu kwa jasho. Tofauti nyingine iko katika kosa. Mwalimu anayemkejeli aliyekosea ameuua mchezo siku hiyo hiyo, maana kuanzia hapo watacheza wale tu wasiokosea, na hao hawakuwa na shida tangu mwanzo.

Nije kwa darasa la wanafunzi 60, kwa sababu hapa ndipo wenzangu hukata tamaa. Hesabu ni makundi 10 ya watu 6. Katika kila kundi kila mmoja ana nambari, moja hadi sita. Mwalimu anatoa swali, makundi yanajadili kwa sauti ya chini, kisha mwalimu anataja nambari, na ni mwenye nambari hiyo pekee anayejibu kwa niaba ya kundi. Hakuna anayejua atakuwa nani, hivyo wale hodari hulazimika kuwafundisha wasioelewa, kwa kuwa alama za wote ziko hatarini. Mwanafunzi mwenye haya huanza kwa kusema mbele ya watano kabla ya kusema mbele ya 60. Mahali ambapo vitabu ni haba, nakala moja kwa kundi inatosha. Kelele itakuwepo; ongea na jirani yako mapema, au toka uende chini ya mti au ukumbi wa maakuli. Mabishano ya vijana sita kuhusu ukurasa gani Kitunda alisema nini ni kazi, na afadhali yasikike hadi ofisini.

Na muda? Kipindi ni dakika 40. Tano za kupanga makundi, 25 za mchezo, 10 za kuandika. Hizo 10 za mwisho nazitetea kwa nguvu zangu zote, na ni kosa kubwa la walimu wanaopenda michezo kuziacha zimezwe na shangwe. Vitabu vinafungwa, darasa linanyamaza, na kila mwanafunzi anaandika aya moja juu ya swali lililobishaniwa zaidi siku hiyo, kwa hoja, ushahidi na maelezo, kama atakavyomwandikia mtahini. Anayesema mtihani ni wa kalamu amesema kweli, na kalamu ndiyo hii. Tofauti ni kwamba inashikwa na mtu mwenye la kuandika.

Jambo ambalo linanikera zaidi ya yote ni hatima ya mwanafunzi dhaifu katika kile kimya tunachokisifu. Anaweza kuketi nyuma, mwongozo mkononi, akigeuza kurasa kwa mwendo ule ule wa jirani yake, tangu Septemba hadi Novemba, na hakuna atakayejua kwamba hajui nani ni nani. Utulivu humficha. Ripoti yake husema ana bidii. Tunakuja kumjua matokeo yanapotoka, wakati hatuwezi tena kumsaidia. Katika mchezo anajulikana siku ya kwanza, nambari yake inapotajwa, na kundi lake linapogeuka kumweleza upya. Siku hiyo mwalimu ana majuma manane mbele yake ya kumnusuru. Mzazi aliyelipa karo alilipa kwa ajili ya majuma hayo manane.

Kwa hiyo ninawaomba wakuu wa idara za Kiswahili waliandike jambo hili katika ratiba ya muhula wa tatu, ili mwalimu mmoja mmoja asibaki kuomba radhi mlangoni. Tengeni vipindi viwili kila juma, kuanzia Septemba hadi mkesha wa karatasi ya tatu, viwe vya mahakama, vya dondoo na vya vitendawili vya wahusika, kila kimoja kikiishia kwenye aya iliyoandikwa. Wakuu wa shule, mkitaka kupima kama kipindi kimefaa, ziombeni aya hizo mzisome. Nanyi walimu wenzangu, ikusanyeni miongozo muifungie kabatini hadi mtihani uishe, na tamthilia zenyewe zitoeni mziweke mikononi mwa wanafunzi.